Kiti Alichokiacha Martha Karua

KWA: Mheshimiwa Rais wa Jamhuri ya Kenya
Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu
Waheshimiwa wanachama wa Kamati ya Haki na Masuala ya Sheria, Bunge la Kitaifa

KUH: WAZIRI WA HAKI ASIYEKUWEPO NA MAJAJI WANAONGOJEWA

Waheshimiwa,

Jumatatu ya tarehe 6 Aprili 2009 nilikuwa masjala, nikipanga mafaili ya kesi za kesho yake, askari wa zamu alipochungulia dirishani na redio yake ndogo akasema, "Martha ameacha kazi." Hakuona haja ya kutaja jina la pili, na hakuna aliyemuuliza Martha yupi. Alikuwa Martha Karua, waziri wa haki.

Sikuamini. Watu wa rika langu tulilelewa na taarifa ya habari ya saa saba mchana. Enzi ya Rais Moi, taarifa ile ndiyo iliyokuwa barua ya mawaziri. Mtu anakula mchana hotelini, redio inataja jina lake, na kabla hajanawa mikono dereva keshaondoka na gari. Waziri wa Kenya aliachishwa. Kwamba mtu angeinuka kwa miguu yake mwenyewe kutoka Wizara ya Haki, arudishe bendera na aseme sababu, hilo lilikuwa jambo la kusikia nchi za watu.

Nilikuwa karani na mkalimani wa korti kwa miaka 28. Mkalimani hulipwa kusema maneno ya wengine bila kuongeza wala kupunguza. Anaapishwa kwa hilo. Sasa nimestaafu na leo nasema yangu. Chama sina. Martha Karua alipowania urais mwaka 2013, mwanamke pekee kati ya wagombea 8, alipata kura 43,881, na ya kwangu haikuwamo. Nayasema mapema msije mkadhani mmeandikiwa na mpiga debe wake.

Alizaliwa Kirinyaga mwaka 1957, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzia 1977 hadi 1980, na 1981 akawa hakimu. Hilo watu hulisahau. Wanamjua kama wakili mwenye ulimi mkali, ilhali miaka yake ya kwanza kazini aliikaa juu ya jukwaa, akisikiliza. Kwa nyakati tofauti alisimamia korti ya Makadara na ya Kibera. Aliyewahi kufanya kazi katika korti za mahakimu mjini anajua asubuhi ya Jumatatu ilivyo: seli imefurika waliokamatwa tangu Ijumaa, huyu chang'aa, yule kuzurura, mwingine hata hajui kosa lake, na kila mmoja ana dakika mbili tatu za kusimama mbele ya mtu atakayeamua kama analala kwake au rumande. Pale ndipo mtu hujifunza kuwa sheria haianzii kwenye vitabu. Huanzia kwenye swali la nani ameketi pale juu, na nani amemketisha.

Aliacha uhakimu mwaka 1987 akafungua ofisi yake ya uwakili. Mwaka uliofuata Bunge likabadilisha Katiba na kuondoa ile kinga iliyozuia jaji kufutwa kazi ovyo. Ilirudishwa 1990, baada ya kelele nyingi. Kwa miaka miwili, basi, jaji wa Kenya alikuwa kama kibarua wa msimu, na mawakili waliosimama mbele yake walijua hivyo, na yeye alijua kwamba wanajua. Katika hali hiyo Karua alikuwa miongoni mwa mawakili waliowatetea Koigi wa Wamwere, mpinzani wa serikali, na wenzake katika kesi ya uhaini, kesi ambayo ukishindwa mteja wako ananyongwa. Mwisho wa 1992 Gichugu wakamchagua kuwa mbunge kwa tiketi ya Democratic Party. Wanawake waliochaguliwa Bunge lile walikuwa 6 tu, nchi nzima.

Mwaka 2001 una matukio mawili ambayo ningependa kila mwanafunzi wa sheria ayaweke pamoja. La kwanza linajulikana sana: Rais Moi anahutubia uwanja wa Kerugoya, na mbunge wa Gichugu anainuka mbele ya umati wote na kuondoka zake. La pili halikuimbwa na mtu. Mswada wa mapitio ya Katiba ulipoletwa Bungeni, upinzani ulitoka nje kwa hasira. Karua alibaki. Alitaka pingamizi lake liandikwe kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge.

Uwanjani hakuna Hansard. Ukibaki uwanjani unahesabiwa pamoja na wapiga makofi, na hakuna karatasi itakayosema ulinuna. Bungeni ni kinyume chake. Ukitoka, rekodi itaonyesha mswada ulipita bila sauti ya kuupinga. Mtu yule yule, mwaka ule ule, aliondoka pale kuondoka kulikosema kitu na akabaki pale kubaki kulikosema kitu. Nimeona mawakili wengi wakipaza sauti kortini. Wanaojua ni lini waketi na ni lini watoke ni wachache, na mara nyingi hata hawapazi sauti.

Mwaka 2003 Rais Kibaki akampa wizara ya maji. Kazi yake ilikuwa kuitekeleza Sheria ya Maji ya 2002, ile iliyotenganisha wasimamizi wa mito na vyanzo na wale wanaouza maji ya mfereji. Bili yako ya maji ikitoka kwa kampuni na si kwa baraza la mji, chanzo ni hapo. Ya kulalamikia yapo, ila si ya barua hii.

Kiti ninachokiandikia alikikalia mwishoni mwa 2005, baada ya serikali kushindwa katika kura ya maoni ya Katiba, ile ya ndizi na chungwa. Kabla yake alikuwapo Kiraitu Murungi, wakili mwingine aliyepata umaarufu kwa kutetea wafungwa wa kisiasa na akalazimika kukimbilia Marekani. Katika wakati wake wizarani, mwaka 2003, majaji 23 walisimamishwa kazi kwa mpigo katika ule usafishaji ulioongozwa na ripoti ya Jaji Ringera kuhusu ufisadi mahakamani. Sisi wa masjala tuliziona ofisi zikifungwa. Wengine walishangilia. Mimi nilikuwa najiuliza ni nani atakayeteua wanaokuja, na kwa njia gani, kwa kuwa njia ilikuwa ni ile ile: Rais, kwa ushauri wa tume ambayo karibu wote waliokaa ndani yake aliwateua yeye.

Sasa nije kwa mwaka 2008, na hapa sitampamba mtu. Kura za urais zilipozua vita, Karua alikuwa ngome ya Kibaki. Alisema kwa ukali, alisema bila kupepesa, na kwa Wakenya waliokuwa wamelala shuleni na makanisani maneno yake yaliwasha pale walipohitaji maji. Serikali yake iliwaambia ODM, chama cha upinzani cha Raila Odinga, kama hawakuridhika waende kortini. ODM wakajibu kuwa korti ni ya Kibaki. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu waliokufa 1,133.

Nimekaa na sentensi hizo mbili kwa miaka mingi: nendeni kortini, korti ni yenu. Zote zilitoka vinywani mwa watu waliosomea sheria, au waliokuwa na wanasheria pembeni, na zote zilikuwa na ukweli fulani. Ndiyo, mahali pa kupeleka malalamiko ya kura ni kortini. Na ndiyo, korti ambayo mshindani wako ndiye anayechagua majaji wake si mahali pa kumpeleka mtu aliyedhulumiwa ukategemea atakwenda. Watu walichomeana nyumba katika pengo lililokuwa kati ya sentensi hizo.

Mheshimiwa Rais, wewe ulikuwa Hoteli ya Serena, kwenye mazungumzo ya kumaliza ghasia zile. Upande mmoja wa meza ya Kofi Annan walikaa Karua, Sam Ongeri, Mutula Kilonzo na Moses Wetang'ula. Upande wa pili ulikaa wewe, Musalia Mudavadi, James Orengo na Sally Kosgei. Leo wewe u Ikulu, Mudavadi ni Mkuu wa Mawaziri wako, Wetang'ula ni Spika, Orengo ni gavana wa Siaya. Mutula ametangulia mbele ya haki tangu 2013. Nikikuandikia habari za mwanamke huyu sikufundishi kitu. Unamjua kuliko ninavyomjua, tena kwa upande ule mgumu wa kumjua. Ninachokuomba ni kukumbuka kile mlichokuwa mkibishania mle ndani, ukiondoa mgawanyo wa vyeo.

Februari 2009 Karua alipeleka Bungeni mswada wa kuunda mahakama maalum ya hapa nyumbani, ili waliopanga ghasia zile washtakiwe Kenya. Theluthi mbili haikupatikana. Wiki chache baadaye Rais Kibaki akateua majaji wapya, na waziri wa haki hakujua. Alisikia kama mimi nilivyosikia, kama alivyosikia askari mwenye redio. Waziri aliyekuwa amewaambia watu waende kortini akagundua kuwa hata yeye haambiwi ni nani anayepelekwa kukaa huko. Akaandika barua.

Wako waliosema aliondoka kwa sababu ya 2012, anajitengenezea njia ya urais. Inawezekana. Mwanasiasa hana tendo lenye sababu moja. Lakini nimetafsiri maungamo ya kutosha kujua kwamba nia ya mtu haifuti alichosema. Alisema hawezi kuitwa msimamizi wa nyumba ambayo vyumba vyake hugawanywa akiwa nje. Hayo ni maneno yangu, si yake. Mkalimani akistaafu hupewa uhuru kidogo.

Jibu la kuondoka kwake lilikuja mwaka uliofuata, na lilikuwa jibu zuri. Katiba tuliyoipitisha tarehe 4 Agosti 2010 inasema katika Kifungu cha 166 kwamba majaji wote, kando ya Jaji Mkuu na Naibu wake ambao pia hupitia Bunge, huteuliwa na Rais kulingana na mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama. Usaili ukaanza kufanywa hadharani, tukaona kwenye runinga majaji wakiulizwa maswali wakitoka jasho. Mimi na wenzangu tulikaa kantini tukatazama kama mpira. Kwa mara ya kwanza nilielewa ni nani anayemketisha mtu pale juu.

Kisha mambo mawili yakatokea.

La kwanza lilitokea kimyakimya. Serikali mpya ilipounda wizara zake mwaka 2013, Wizara ya Haki haikuwamo. Kazi zake zilipelekwa kwa Mwanasheria Mkuu. Kiti hiki, kusema kweli, kimekuwa kikiwekwa na kuondolewa kama kiti cha plastiki cha matanga. Tom Mboya alikikalia 1963, kikaondolewa. Mwaka 1980 Charles Njonjo, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu tangu uhuru na ambaye 1976 alituonya kwamba hata kuwazia kifo cha Rais ni uhaini, aliingia Bungeni na kupewa wizara ya masuala ya katiba. Miaka mitatu baadaye neno "msaliti" likamshika, tume ikaundwa, naye akatoka. Kikarudi 2003 na Kiraitu, kikapita kwa Karua, Mutula na Eugene Wamalwa, kikaondolewa tena. Hakuna aliyelia. Tulikuwa na Katiba mpya. Waziri wa haki wa nini?

La pili lilianza mwaka 2019. Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majina 41 ya majaji. Rais Uhuru Kenyatta hakuyateua. Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema Rais hana nafasi ya kuchagua ndani ya orodha ile. Bado. Juni 2021 akateua 34 na kuwaacha 6, mmoja wa wale 41 akiwa ameshafariki. Kati ya walioachwa walikuwamo Joel Ngugi na George Odunga, wiki tatu tu baada ya wao na wenzao watatu kuuangusha mchakato wa BBI wa kubadilisha Katiba. Oktoba 2021 korti ikatoa amri ya siku 14. Siku 14 zikapita kama zinavyopita zingine.

Mheshimiwa Rais, wewe uliwateua hao 6 mara tu baada ya kuapishwa, Septemba 2022. Nakushukuru, na sisemi kwa kejeli. Lakini angalia ulichokifanya kilikuwa nini: ulitenda kwa hiari yako kile ambacho mwenzako alikataa kwa hiari yake. Kwa raia aliye kwenye foleni, sheria haikufanya kazi mara zote mbili.

Ninaposema foleni nina mtu mmoja kichwani. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa mji wenye Mahakama ya Ardhi na Mazingira. Mama mmoja wa miaka sabini na kitu, mjane, alikuwa na kesi ya shamba dhidi ya shemeji yake. Jaji aliyekuwa akiisikiliza alihamishwa, na wa kuchukua nafasi yake hakuja. Mama alikuwa akifika na matatu ya alfajiri, kitambulisho kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa, na kuketi benchi la mbele. Kesi huandikwa na kuendeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namweleza. Naibu msajili anasoma tarehe mpya, namgeuzia Kiswahili. Mara ya kwanza alisema sawa. Mara ya pili aliuliza kama jaji ni mgonjwa. Mara ya nne akaniuliza, "Mwanangu, huyo jaji mnamtengeneza wenyewe?"

Swali lile sikulitafsiri. Katika miaka 28 ndilo pekee nililolimeza. Ningemwambia nini naibu msajili, ambaye naye hakuwa na la kufanya? Wawili kati ya majaji 6 walioachwa walikuwa wa mahakama hiyo hiyo ya ardhi. Sidai kwamba mmoja wao angeletwa kwetu. Nasema tu kwamba mama alikuwa akiuliza swali la Karua la 2009, na mwaka 2021 hapakuwa na waziri wa kuulizwa.

Ndiyo maana nauliza ni nani aliyepaswa kuinuka. Mwanasheria Mkuu? Kwa Kifungu cha 171 yeye ni mwanachama wa Tume ya Huduma za Mahakama. Ofisi yake ilikuwa na kiti kwenye meza iliyopendekeza yale majina 41. Kisha ofisi hiyo hiyo ikaenda kortini kutetea kutoteuliwa kwao. Nimewahi kuona wakili akiwakilisha ndugu wawili wanaoshtakiana, na hakimu alimfukuza kabla ya chai ya saa nne. Kifungu cha 156 kinamtaka Mwanasheria Mkuu awe mshauri mkuu wa kisheria wa serikali, na kifungu hicho hicho kinamtaka alinde utawala wa sheria na maslahi ya umma. Siku nyingi mambo hayo yanakwenda pamoja. Siku yasipokwenda pamoja, mshauri hushinda, kwa sababu ndiye anayeitwa Ikulu.

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu, nakuandikia kwa heshima. Umetumikia miongo mingi kwenye meza ya mashtaka na wewe ndiye mwanamke wa kwanza kuikalia ofisi hiyo. Sikulaumu kwa yaliyofanywa kabla yako. Naomba uiambie serikali yako kwamba mzigo huo si wa mtu mmoja. Waziri wa haki awepo, kati ya wale 22 ambao Katiba inawaruhusu, atakayekaa kwenye Baraza la Mawaziri akiwa na jukumu moja la kuuliza mahakama zinahitaji nini na nani anazicheleweshea. Wewe ubaki mshauri. Yeye awe wa kulaumiwa, na akichoka kulaumiwa kwa yasiyo yake, awe na kitu cha kujiuzulu.

Nanyi waheshimiwa wa Kamati ya Haki, Katiba haitaji Rais ana siku ngapi baada ya kupokea majina. Andikeni siku hizo katika Sheria ya Huduma za Mahakama, na muandike pia kinachofuata zikiisha. Jaji Mkuu awaapishe, au jina lichukuliwe kuwa limeteuliwa, mtajua nyie, ninyi ndio mnaolipwa kutunga. Msiache tena iwe amri ya kesi moja inayokatiwa rufaa hadi mhusika anaondoka madarakani.

Mnisamehe nikirudi kwa Karua hapa, kwa sababu maisha yake yana mfano ambao nisingeweza kuubuni. Mwaka 2017 aliwania ugavana wa Kirinyaga akashindwa na Anne Waiguru. Akaenda kortini. Mahakama Kuu ikalitupa ombi lake kwa sababu za kiufundi, Mahakama ya Rufaa ikalirudisha, na mwishowe akaambiwa miezi 6 iliyowekwa na sheria ya kusikiliza ombi la uchaguzi imeisha. Mahakama ya Juu haikumwokoa. Alifika hadi Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, ambayo Novemba 2020 ilisema haki yake ya kusikilizwa ilikiukwa, ikaamuru alipwe dola 25,000. Mwaniaji kura ana saa ukutani, na ikigonga, hata kama aliyechelewesha ni korti yenyewe, yeye ndiye hufungiwa mlango. Majina 41 ya majaji hayakuwa na saa. Wakati Arusha wanasoma hukumu ile, orodha ilikuwa bado mezani Ikulu.

Kuna ombi la tatu, na najua halitapendwa. Waziri akijiuzulu, aruhusiwe kusimama mbele ya Bunge la Kitaifa aeleze sababu, na maelezo yaandikwe. Siku hizi mawaziri huitwa Bungeni kujibu maswali ya barabara na mbolea. Aliyeacha kazi kwa kutokubaliana anaondoka na mkutano wa wanahabari, na baada ya wiki mbili kila mtu ana toleo lake. Mtazameni Justin Muturi. Naye alikuwa hakimu, akawa mbunge wa Siakago, akawa Spika karibu miaka 10, Mwanasheria Mkuu, kisha waziri wa utumishi wa umma. Januari 2025, akiwa bado waziri, alisema hadharani habari za kutekwa kwa mwanawe katika siku za maandamano ya Juni 2024. Hakujiuzulu. Machi akaondolewa. Kuna waliomwita jasiri na kuna waliouliza kwa nini alisubiri. Mimi ninachokiona ni kwamba mwanasheria mwenye uzoefu wote huo hakuwa na mahali rasmi pa kusema, akasema mlangoni pa studio. Karua wa 2001 angetafuta Hansard. Mpeni waziri Hansard.

Msidhani naomba mawaziri wawe wakitoka kila wakikwaruzana na mkubwa. Orengo alikuwa wakili wa upinzani tangu enzi za Moi, alipopewa wizara ya ardhi 2008 alikaa hadi mwisho, na sera ya kitaifa ya ardhi ya 2009 ilipatikana kwa kukaa, kwa mikutano isiyoisha na watu wasiompenda. Kukaa ni kazi. Lakini kukaa kunakuwa na thamani pale ambapo mlango wa kutokea upo na kila mtu anauona. Bila mlango, waziri aliyekaa kwa imani na waziri aliyekaa kwa marupurupu wanafanana sura.

Karua mwenyewe amerudi kwenye benchi la mawakili. Mwishoni mwa 2024 alikwenda Kampala kumtetea Kizza Besigye, kiongozi wa upinzani wa Uganda aliyenyakuliwa hapa hapa Nairobi, na mwanzoni alinyimwa cheti cha kufanya kazi Uganda, alikipata Januari. Mei 2025 alirudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam alipokuwa akienda kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani wa Tanzania. Nilimwona kwenye simu ya mjukuu wangu, amesimama na begi lake, na nikakumbuka kwamba mwanamke huyu aliwahi kuwa na wizara, walinzi na bendera. Hakuonekana kama mtu aliyepungukiwa. Sijui wangapi kati yenu mngeweza kurudi kwenye kazi mliyokuwa nayo kabla ya uheshimiwa, na faili likafunguliwa, na mkasomeka.

Nilipostaafu, mwisho wa 2022, jaji alikuwa amefika. Faili la yule mama lilikuwa limetajwa mara moja na kupewa tarehe ya kusikilizwa mwaka uliofuata. Nililiacha rafu ya pili kutoka juu, na karani mpya nikamwonyesha.

Mkiijibu barua hii, naomba mjibu kwa Kiswahili. Yupo mtu ningependa kumsomea, na ukalimani nimeacha.

Wenu mtiifu,
Karani na mkalimani mstaafu wa mahakama